Daktari, Hakimu na Msajili: Historia ya Kubadili Jinsia katika Daftari la Ujerumani

Katika Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati ule, Sheria Kuu iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 1794 ilikuwa na vifungu zaidi ya 19,000 vilivyogusa karibu kila jambo la maisha, kuanzia mirathi ya makabaila hadi nyuki waliotoroka mzinga, na vitano kati yake vilimhusu huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo mkunga hawezi kuyatambua moja kwa moja kuwa ya kiume au ya kike. Vifungu hivyo viliwapa wazazi mamlaka ya kuamua mtoto wao alelewe kama mvulana au kama msichana. Vilimpa mtoto huyo, akishatimiza miaka 18, uhuru wa kuchagua mwenyewe upande anaotaka kuhesabiwa. Na vikaagiza kwamba tangu hapo haki zake zipimwe kwa uchaguzi wake. Kisha vikaongeza sharti ambalo mjadala wa zaidi ya miaka 200 iliyofuata haujalimaliza: ikiwa haki ya mtu wa tatu, yaani mtu ambaye mwili unaojadiliwa si wake lakini anaweza kupata au kupoteza kitu kutokana na jibu, inategemea jinsia ya huntha huyo, mtu huyo anaweza kudai uchunguzi wa wataalamu, na watakachokiona wataalamu kitashinda uchaguzi wa huntha na hata wa wazazi wake.

Njia mbili zinazobishaniwa leo katika mabunge ya nchi nyingi zimo katika vifungu hivyo vitano. Ya kwanza ni njia ya tamko, ambapo neno la mhusika mwenyewe mbele ya ofisa wa serikali linatosha kubadili jinsia yake katika kumbukumbu za umma. Ya pili ni njia ya ithibati, ambapo neno hilo halina nguvu mpaka daktari, mwanasaikolojia au hakimu alikubali. Watetezi wa tamko hupenda kulieleza kuwa ni tunda la karne ya 21, na wapinzani wake hulieleza vivyo hivyo, ila kwa kulaumu. Pande zote mbili huchukulia kwamba hapo kale daktari ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Kumbukumbu za Ujerumani hazithibitishi dhana hiyo. Zinaonyesha kwamba daktari aliingizwa katika jambo hili na mtu wa tatu, kwamba alibaki humo kadiri sheria ilivyoendelea kugawa haki kwa jinsia, na kwamba tofauti hizo zilipofutwa moja baada ya nyingine, alijikuta akilinda kitu kidogo sana kwa gharama kubwa sana.

Ni muhimu kufahamu mtu wa tatu wa mwaka 1794 alikuwa nani. Mara nyingi alikuwa ndugu aliyekuwa akisubiri urithi, kwa sababu mashamba makubwa ya makabaila yalirithishwa kwa wanaume tu, na huntha aliyejichagulia uanaume aliweza kumnyima binamu yake ardhi ambayo vinginevyo ingekuwa yake. Mara nyingine alikuwa mchumba, kwa kuwa ndoa ilikuwa ya mwanamume na mwanamke, au alikuwa dola yenyewe iliyotaka askari. Hesabu ya namna hii si ngeni kwa wasomaji waliolelewa na vitabu vya fiqhi katika pwani ya Afrika Mashariki, kwani wanazuoni wa Kiislamu nao walimjadili huntha hasa katika mlango wa mirathi, ambako fungu la mtoto wa kiume ni mara mbili ya la mtoto wa kike na kwa hiyo jibu la swali la jinsia hugeuka mara moja kuwa kiasi cha mali. Penye fungu la kugawa, shahidi huitwa. Penye kugawa sawa, haitwi.

Karne ya 19 iliondoa uhuru huo wa kuchagua, na haikuuondoa kwa hoja za dini wala za maadili bali kwa hoja za maabara. Mwaka 1876 mwanapatholojia Edwin Klebs alipanga mahuntha katika makundi kwa kigezo cha tezi za uzazi, yaani korodani na ovari, akiwa na maana kwamba mwenye korodani ni mwanamume hata kama mwili wake wote unaonekana wa kike, na mwenye ovari ni mwanamke hata akiwa na ndevu. Mafundisho hayo yalienea upesi. Jinsia, ambayo kwa sheria ya Prussia ilikuwa jambo linaloweza kuchaguliwa penye utata, sasa ikawa jambo la kugunduliwa, na mgunduzi akawa daktari peke yake. Kejeli iliyomo ni kwamba kwa vyombo vya wakati ule tezi hizo zilizojificha ndani ya mwili hazikuweza kuthibitishwa ila kwa kumpasua mtu au kwa kusubiri afe, kwa hiyo kigezo kilichosifiwa kwa uhakika wake kilikuwa hakipatikani kwa watu wengi waliokihitaji wakiwa hai.

Wakati huohuo dola ilianzisha daftari. Sheria ya Hali za Watu ya mwaka 1875 iliyanyang'anya makanisa kazi ya kuandika vizazi, ndoa na vifo, ikaikabidhi kwa msajili wa serikali katika milki yote ya Ujerumani, na ikaagiza kwamba kumbukumbu ya kila kizazi ionyeshe jinsia ya mtoto. Kanuni ya Sheria za Madai ilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900, vifungu vya Prussia kuhusu huntha vilitoweka bila kuwekewa mbadala, kwa kuwa waandishi wake waliamini kuwa tiba imekwisha kuthibitisha kwamba kila mtu ni mwanamume au mwanamke, na kwamba kilichobaki ni kosa la mkunga ambalo msajili anaweza kulisahihisha pembeni mwa ukurasa.

Kusahihisha kosa ndiko kulikomwokoa Karl M. Baer, Myahudi aliyezaliwa Arolsen mwaka 1885, akaandikwa msichana na kulelewa kwa jina la Martha. Baer alikua akawa mtetezi wa haki za wanawake na mpinzani wa biashara ya kuuza wasichana, akapendana na mwanamke, na mwishoni akafika kwa daktari Magnus Hirschfeld wa Berlin, ambaye aliandika ripoti kwamba mtu huyo alikuwa mwanamume tangu mwanzo na kwamba aliyemwandika mwanamke alikosea. Mwezi Januari 1907 daftari lilirekebishwa. Kabla ya mwaka kwisha Baer alikuwa ameoa na ametoa kitabu cha maisha yake kwa jina la kificho. Kesi yake huhesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa utambuzi wa kisheria wa jinsia, lakini ikitazamwa kwa makini inaonyesha mipaka yake: Baer hakuulizwa anajitambua vipi, ingawa alilieleza hilo waziwazi, bali mwili wake uliulizwa, na kwa bahati ukajibu kama alivyotaka.

Wapo ambao miili yao haikuwa na utata wowote kwa macho ya daktari lakini nafsi zao hazikukubaliana na kilichoandikwa, nao ndio ambao leo huitwa watu waliobadili jinsia, kundi lililo tofauti na la mahuntha japo mara nyingi huchanganywa nalo. Kwa hao daftari halikuwa na nafasi kabisa, na aliyewashughulikia alikuwa polisi. Hapakuwa na sheria iliyomkataza mwanamume kuvaa gauni, lakini aliyeonekana hivyo barabarani aliweza kukamatwa kwa kosa la kuvuruga utulivu wa umma. Kwa kushawishiwa na Hirschfeld, polisi wa Berlin walianza, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne ya 20, kutoa hati ndogo iliyoeleza kwamba mwenye kuibeba anafahamika kwao kuwa huvaa mavazi ya jinsia nyingine, ili askari wa zamu aisome na kumwacha aende zake. Hati hiyo ilitolewa kwa msingi wa ripoti ya daktari. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Prussia iliruhusu pia kubadili jina la kwanza, mradi jina jipya liwe la kati, lisilomfichua mtu kuwa mume au mke, kama vile Toni au Alex, na ndiyo sababu akina Toni ni wengi mno katika maandishi ya wakati ule.

Taasisi ya Sayansi ya Jinsia, ambayo Hirschfeld aliifungua Berlin mwezi Julai 1919, ndiyo iliyokuwa kiwanda cha ripoti hizo. Humo alikaa na kufanya kazi za nyumbani Dora Richter, mzaliwa wa Bohemia, ambaye upasuaji wake uliokamilika mwaka 1931 ni miongoni mwa wa kwanza kabisa wa aina yake duniani. Tarehe 6 Mei 1933 wanafunzi wafuasi wa Hitler waliivamia taasisi hiyo, na siku nne baadaye vitabu vyake viliteketezwa hadharani. Kwa miongo mingi ilidhaniwa kuwa Richter aliuawa katika siku hizo, mpaka watafiti wa miaka ya karibuni walipokuta katika kitabu cha ubatizo cha parokia aliyozaliwa maelezo kwamba alikubaliwa kutumia jina la Dora mwaka 1934, nchini Czechoslovakia. Kumbe aliishi hadi mwaka 1966 na kufia Allersberg, mji mdogo wa Bavaria. Kitabu cha padri kilikuwa kimehifadhi ukweli ambao wanahistoria waliukosa kwa miaka 90.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ujerumani ikiwa imegawanyika, swali lilirudi mahakamani. Upande wa Mashariki, serikali ya kikomunisti ililimaliza kwa agizo la ndani la Wizara ya Afya mwaka 1976, lisilotangazwa wala kujadiliwa na mtu. Upande wa Magharibi, Mahakama Kuu ya Rufani ilisema mwaka 1971 kwamba sheria inaichukulia jinsia kuwa haibadiliki, na kwamba kama bunge linataka vinginevyo na liseme. Mwaka uliofuata Sweden ikawa nchi ya kwanza duniani kutunga sheria mahususi, ikimruhusu mtu kubadili jinsia katika daftari iwapo ana miaka 18, hana ndoa na amefungwa uzazi. Kisha tarehe 11 Oktoba 1978 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, katika shauri la mtu aliyekwisha kufanyiwa upasuaji na bado akaandikwa mwanamume, iliamua kuwa utu wa binadamu, ambao ni kifungu cha kwanza cha Katiba ya nchi hiyo, unadai daftari liufuate uhalisia wa maisha yake.

Bunge lilijibu kwa sheria ya tarehe 10 Septemba 1980, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa mwaka 1981, na ambayo inastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu ndiyo picha kamili ya njia ya ithibati. Ilikuwa na ngazi mbili, ambazo Wajerumani waliziita suluhisho dogo na suluhisho kubwa. Suluhisho dogo lilibadili jina peke yake: mwombaji alipaswa kuwa na miaka 25, awe ameishi walau miaka mitatu akisukumwa na nafsi yake kuishi kama mtu wa jinsia nyingine, na wataalamu wawili, kila mmoja akifanya kazi bila kushauriana na mwenzake, wamhakikishie hakimu kwamba hali hiyo kwa uwezekano mkubwa haitageuka. Suluhisho kubwa lilibadili jinsia yenyewe, na kwa hilo mwombaji alitakiwa kuongeza mambo matatu: awe hana ndoa, awe hawezi kuzaa tena maishani mwake, na awe amefanyiwa upasuaji wa viungo vya nje vya uzazi uliomfanya afanane waziwazi na watu wa jinsia anayoiomba. Hata suluhisho dogo lilikuwa na mtego wake, kwani aliyekwisha kupewa jina jipya alilipoteza papo hapo akioa au akiolewa, au akipata mtoto baada ya kupita siku 300 tangu uamuzi, kana kwamba ndoa na uzazi ni ushahidi kuwa alikuwa amedanganya.

Masharti hayo hayakuwekwa kwa ukatili mtupu. Kila moja lilikuwa na mtu wa tatu nyuma yake. Sharti la kutokuwa na ndoa lililinda kanuni kuwa ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Sharti la kutoweza kuzaa lilizuia hali ya mwanamume wa kisheria kujifungua. Sharti la upasuaji lilikusudiwa kumzuia mtu mwenye mwili wa kiume asiyedhamiria asijipatie nafasi za wanawake. Daktari hakuitwa kumtibu mgonjwa. Aliitwa kumhakikishia jirani, mwajiri, mke na padri kwamba mabadiliko haya ni ya kweli, ni ya kudumu na hayatawashtua.

Miaka 30 iliyofuata ilikuwa ya kuibomoa sheria hiyo tofali baada ya tofali, na bomoabomoa hiyo ilifanywa na Mahakama ya Katiba, si na bunge. Umri wa miaka 25 ulifutwa mwaka 1982 kwa suluhisho kubwa na mwaka 1993 kwa suluhisho dogo. Mwaka 2005 likaanguka sharti la kupoteza jina kwa sababu ya kuoa. Mwaka 2008 mahakama ilisikiliza shauri la mtu aliyezaliwa mwaka 1929, aliyefunga ndoa mwaka 1952 na kupata watoto watatu, akafanyiwa upasuaji uzeeni na kuombwa ampe talaka mkewe ili daftari libadilishwe, wakati mke hakutaka kuachwa wala mume hakutaka kuacha; mahakama iliona kwamba dola inayodai kuilinda ndoa haiwezi kuwalazimisha wawili waliozoeana zaidi ya nusu karne waivunje. Tarehe 11 Januari 2011 lilianguka sharti zito kuliko yote, kwa shauri la mwanamke aliyezaliwa mwaka 1948 na kuandikwa mwanamume, ambaye alibadili jina tu bila kufanyiwa upasuaji na alitaka kuandikisha ushirika wa maisha, ambao ulikuwa wa watu wa jinsia moja, na mwanamke mwenzake. Msajili alimjibu kuwa kwa kuwa daftari linamtaja mwanamume, aende akafunge ndoa ya kawaida. Majaji walisema kuwa upasuaji mkubwa wenye hatari kwa afya, pamoja na kupoteza uzazi, si kipimo halali cha ukweli wa nafsi ya mtu.

Hapa ndipo mfuatano wa miaka unapoeleza zaidi kuliko hoja za wanafalsafa. Ushirika wa maisha wa watu wa jinsia moja ulikuwa umeruhusiwa mwaka 2001, kujiunga na jeshi kwa lazima kulisimamishwa mwaka 2011, na ndoa ikafunguliwa kwa wote mwaka 2017. Mirathi ilikuwa imeacha kutofautisha mwana na binti zamani sana. Mtu wa tatu aliyemleta daktari mwaka 1794, yaani binamu mwenye kungojea shamba, mchumba na ofisa wa kuandikisha askari, alikuwa amekwisha kuondoka chumbani, na daktari alibaki ameketi peke yake na mwombaji.

Kilichobaki baada ya mwaka 2011 ni ripoti mbili za wataalamu, na ni juu ya ripoti hizo ubishi wa mwisho ulipiganwa. Waliopitia uchunguzi huo walisimulia maswali kuhusu ndoto zao za mapenzi, nguo za ndani walizovaa utotoni na michezo waliyopenda, maswali ambayo hakimu hakuyahitaji wala sheria haikuyataja. Utafiti ulioagizwa na serikali ya Ujerumani ulikuta kwamba shauri lilichukua wastani wa miezi zaidi ya tisa na kumgharimu mwombaji karibu euro 1,900. Uchambuzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2015, ulipitia ripoti 670 na kukuta kuwa chini ya asilimia 1 zilimkataa mwombaji. Takwimu hiyo ya mwisho ilitumiwa na pande zote mbili, na si kwa unafiki: upande mmoja ulisema kwamba mlango ambao karibu kila mtu hupita hauhitaji bawabu wa kulipwa, na upande wa pili ulisema kwamba wasio na nia ya kweli hawafiki mlangoni hapo kwa sababu bawabu anajulikana yupo. Hoja ya pili si dhaifu kama inavyochukuliwa mara nyingi, ila ina kasoro kwamba haiwezi kupimwa, kwa kuwa wasiofika hawahesabiki. Mahakama ya Katiba yenyewe, iliyobomoa mengine yote, iliziacha ripoti mbili zisimame mwezi Oktoba 2017, na katika mwaka huohuo Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ililaani sharti la kufungwa uzazi nchini Ufaransa lakini ikaona si kosa kudai cheti cha daktari kinachoeleza hali ya mwombaji.

Mwezi huohuo wa Oktoba 2017 Mahakama ya Katiba ilifungua mlango mwingine bila kukusudia matokeo yake yote. Iliamua kwamba, maadamu sheria inadai jinsia iandikwe, mahuntha wapate nafasi ya kuandikwa isiyo ya wanaume wala ya wanawake, na bunge likaweka mwishoni mwa mwaka 2018 nafasi ya tatu katika daftari, inayopatikana kwa tamko mbele ya msajili pamoja na cheti cha kawaida cha daktari, bila hakimu na bila ripoti mbili. Baadhi ya watu wasio mahuntha walikitumia kifungu hicho kukwepa sheria ya mwaka 1980, mpaka Mahakama Kuu ya Rufani ilipokifunga kichochoro hicho mwezi Aprili 2020. Kwa muda mfupi Ujerumani ilikuwa na kaunta mbili za kubadili jinsia, moja ya miezi tisa na nyingine ya asubuhi moja, na hakuna aliyeweza kueleza kwa ufasaha kwa nini.

Nje ya Ujerumani upepo ulikuwa umekwisha kugeuka. Argentina ilipitisha mwezi Mei 2012 sheria ya kwanza ya tamko tupu. Denmark ikaifuata mwaka 2014 ikiongeza kipindi cha miezi sita cha kutafakari. Malta na Ireland zikafanya hivyo mwaka 2015. Shirika la Afya Duniani, kwa orodha ya magonjwa iliyoidhinishwa mwaka 2019, liliiondoa hali ya nafsi kutokubaliana na jinsia iliyoandikwa kutoka mlango wa magonjwa ya akili, na hivyo likadhoofisha dai kwamba mtaalamu wa akili ndiye shahidi wake wa asili. Uingereza ilikwenda upande mwingine: sheria yake ya mwaka 2004 ilikuwa ya kwanza kutodai upasuaji lakini ilibaki na madaktari na baraza la kuamua, muswada wa tamko uliopitishwa na bunge la Scotland mwezi Desemba 2022 ulizuiwa na serikali ya London mwezi uliofuata, na mwezi Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa mwanamke katika sheria ya usawa ni mwanamke wa kibiolojia.

Bunge la Ujerumani lilipiga kura tarehe 12 Aprili 2024, wabunge 374 wakiunga mkono, 251 wakipinga na 11 wakijizuia kupiga kura, na sheria ya mwaka 1980 ikazikwa rasmi tarehe 1 Novemba 2024. Utaratibu mpya ni mfupi kiasi cha kuelezeka kwa sentensi chache. Mtu mzima humwarifu msajili kuwa anakusudia kubadili jina na jinsia, husubiri miezi mitatu, kisha hufika mwenyewe na kutoa tamko. Asipofika ndani ya miezi sita arifa yake hufa, na akishatamka haruhusiwi kubadili tena kabla ya mwaka mmoja. Kwa mtoto wa chini ya miaka 14 wazazi ndio watamkao. Kuanzia miaka 14 mtoto hutamka mwenyewe kwa ridhaa ya wazazi, na wakikataa, mahakama ya familia huamua kwa kuangalia maslahi yake. Dawa na upasuaji havimo katika sheria hiyo hata kidogo, jambo ambalo mjadala wa hadharani ulilisahau mara kwa mara.

Upinzani ulitoka pande ambazo kwa kawaida hazikai meza moja. Wahafidhina waliona familia inatikiswa. Alice Schwarzer, mwanzilishi wa jarida la wanawake la EMMA na mmoja wa sauti kongwe za ufeministi wa nchi hiyo, aliona kazi ya maisha yake, ambayo ilikuwa kutenganisha maumbile ya mwanamke na tabia anazobebeshwa na jamii, inageuzwa kichwa chini. Reem Alsalem, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, aliiandikia serikali ya Berlin mwaka 2024 akieleza hofu kwamba tamko lisilopimwa linaweza kutumiwa na wanaume wenye nia mbaya kuingia mahali palipotengwa kwa ajili ya usalama wa wanawake. Haukupita muda mrefu mfano ukapatikana: mwanasiasa wa mrengo mkali wa kulia aliyehukumiwa kifungo mwaka 2023 alijitangaza kuwa mwanamke mwishoni mwa mwaka 2024, akapangiwa gereza la wanawake, na mwezi Agosti 2025 akatoroka badala ya kuripoti. Wengi waliamini kwamba alifanya hivyo kuikejeli sheria, na kwa hilo alifaulu, ingawa jina lililomo katika daftari halimlazimishi mkuu wa magereza kumweka mfungwa mahali fulani.

Wabunge walikuwa wamemwona mtu wa tatu akirudi, wala hawakujifanya hawakumwona. Sheria inasema kuwa mwenye jengo anabaki na mamlaka yake juu ya anayeingia, maneno yaliyowekwa kwa ajili ya sauna na vyumba vya kubadilishia nguo; kwamba vyama vya michezo vitajiamulia vyenyewe; kwamba huduma za tiba zitaufuata mwili na si daftari; na kwamba mwanamume anayejitangaza kuwa mwanamke nchi ikiwa katika vita, au katika miezi miwili kabla ya hali hiyo kutangazwa, atahesabiwa mwanamume kwa wito wa jeshi. Kifungu hiki cha mwisho kingeeleweka vizuri na ofisa yeyote wa Prussia. Tofauti ni mahali pa ubishi. Mwaka 1794 mtu wa tatu aliweza kulishtaki daftari lenyewe na kuliangusha. Mwaka 2024 daftari limewekwa mbali naye, na anayeona haki yake imeguswa analazimika kuidai pale pale ilipoguswa, gerezani, uwanjani au bafuni, kwa hoja za mahali hapo. Mpangilio huo una mantiki kuliko ule wa kumpasua mtu ili jirani alale usingizi, lakini unamtwika mlinzi wa gereza na mwenye sauna maamuzi ambayo zamani yalifanywa na hakimu, na haijulikani ni wangapi kati yao walioyaomba.

Jirani wa kaskazini, aliyekuwa wa kwanza kutunga sheria, hakufika huko. Bunge la Sweden lilishusha umri hadi miaka 16 kwa kura ya mwezi Aprili 2024, lakini likabakiza cheti kifupi cha mtaalamu wa afya na idhini ya ofisi ya serikali, na utaratibu huo ukaanza Julai 2025. Serikali mpya ya Ujerumani, ya muungano wa vyama vya Kihafidhina na Kisoshalisti, ilikubaliana mwaka 2025 kwamba sheria ya tamko ifanyiwe tathmini kabla ya tarehe 31 Julai 2026, hasa kuhusu watoto, vipindi vya kusubiri na ulinzi wa wanawake.

Liko deni ambalo pande zote mbili hulitaja kwa nadra. Kati ya mwaka 1981 na mwaka 2011 watu walikubali kufungwa uzazi au kupasuliwa, baadhi yao kwa sababu waliutaka upasuaji wenyewe na wengine kwa sababu tu hawakuweza kupata cheti kinacholingana na maisha yao bila kulipa kwa mwili. Sweden ilifuta sharti lake la kufunga uzazi mwaka 2013, na kuanzia mwaka 2018 ikawa inamlipa fidia ya krona 225,000 kila aliyeathirika aliyeomba. Uholanzi nayo ilitenga euro 5,000 kwa kila mmoja. Ujerumani iliahidi mfuko wa namna hiyo katika mkataba wa muungano wa serikali wa mwaka 2021, haikuutia katika sheria ya mwaka 2024, na serikali hiyo ilipovunjika mwezi Novemba mwaka huohuo, siku chache baada ya tamko kuanza kutumika, mfuko ulikuwa bado haujaundwa.